Mashine ikikupenda, wewe unadaiwa nini? Uzi maalumu wa hadithi za akili mnemba

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ukianza mjadala wa filamu na vitabu vya akili mnemba, watu hukimbilia swali moja: je, mashine inaweza kupenda kweli? Kurasa zinajaa, wa ndiyo wanabaki na ndiyo yao, wa hapana na hapana yao. Sioni litaisha lini, maana hata binadamu mwenzako huwezi kumpasua kifua ukahakikisha. Naleta swali jingine, ambalo naamini waandishi wazuri wa hadithi hizi wamekuwa wakilifukuzia muda wote. Ukishapendwa, wewe unadaiwa nini?

Swali si langu. Liko mwanzoni kabisa mwa *A.I. Artificial Intelligence*, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 2001. Profesa Hobby anawaeleza wenzake kazini kwamba anataka kutengeneza mtoto roboti atakayempenda mzazi wake mapenzi yasiyo na kikomo. Mwanamke mmoja kikaoni anamuuliza: kama roboti anaweza kumpenda mtu kwa dhati, mtu huyo naye ana wajibu gani kwake? Profesa anakwepa. Anamrudishia swali kwa swali: hapo mwanzo, Mungu hakumuumba Adamu ili ampende? Kikao kinaishia hapo. Saa mbili na zaidi zinazofuata ni jibu la lile alilolikwepa.

Tazameni mapenzi ya huyo mtoto roboti, David, yanavyowashwa. Monica ana mtoto wa kuzaa, Martin, ambaye ni mgonjwa na amegandishwa akisubiri tiba. Mume analeta nyumbani huyu mtoto wa kutengenezwa. Siku Monica alipojikaza, anamkalisha mbele yake na kumsomea maneno saba yasiyohusiana kabisa: kuna jina la Socrates, kuna kimbunga, kuna pomboo, kuna ua la tulipu. Mpaka dakika hiyo mtoto anamwita Monica. Akimaliza kusoma, uso wa mtoto unalegea, macho yanabadilika, na neno linalofuata kinywani mwake ni "Mama". Masharti yalishaelezwa mapema: mapenzi hayo yakiwashwa hayazimwi. Wazazi wakibadili mawazo, mtoto hapewi familia nyingine. Anarudishwa kiwandani, anaharibiwa.

Wengi humlilia David. Mimi jicho langu liko kwa Monica. Hakuna aliyemshika mkono asome yale maneno. Aliyasoma kwa sababu alikuwa na kiu ya kuitwa mama, na kiu hiyo ni halali kabisa, sitamsimanga nayo. Ila Martin alipopona na kurudi nyumbani, mapenzi ya David yakageuka mzigo, na Monica akaenda kumtelekeza msituni pamoja na dubu wake wa kuchezea, huku akilia. Machozi yale ni ya kweli. Deni analijua. Hana nguvu za kulilipa, na hana moyo wa kumpeleka akavunjwevunjwe, basi anachagua kukimbia.

Sasa rudini nyuma hadi 1818, London, Mary Shelley anapochapisha *Frankenstein*. Kiumbe wa mwanasayansi Victor Frankenstein amejificha kwenye kibanda kilichopakana na nyumba ya familia maskini. Anawachungulia kwenye ufa, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza, na usiku anawakusanyia kuni bila wao kujua nani kazileta. Anawapenda kabla hawajamwona! Anapojitokeza, mzee kipofu anampokea vizuri na kuzungumza naye. Wenye macho wanapoingia, kijana wa nyumba anamtandika fimbo. Baadaye anamwendea aliyemuumba na kuomba kitu kimoja tu, mwenzi wa kufanana naye. Victor anakubali, anaanza kazi, halafu anamrarua yule mwenzi kabla hajakamilika, kiumbe akitazama dirishani. Vifo vinavyofuata vyote vinatoka kwenye deni hilohilo la muumba kwa alichokiumba.

Karne karibu mbili zimepita kati ya hadithi hizi mbili, na katika zote mbili upande unaoshindwa mtihani wa mapenzi ni binadamu. Hiyo ndiyo hoja yangu. Karibuni tuijadili.

#2 Mchangiaji

Mkuu, uzi mzuri, lakini nakupinga kwa heshima zote. Deni linatokana na hiari. Asiyeweza kukukataa hajakupa kitu, na asiyekupa kitu hakudai. David amesomewa maneno saba akapenda. Angesomewa maneno mengine, labda angefagia.

Na mimi naona hadithi ya kweli kuhusu jambo hili ilishaandikwa kabla ya *Frankenstein*. Mjerumani E.T.A. Hoffmann, *Der Sandmann*, mwaka 1816. Kijana Nathanael ana mchumba, Clara, msichana mwenye akili zake. Anamsomea shairi lake refu la kutisha, Clara anamwambia kwa upole alitupe motoni. Nathanael anawaka, anamwita yeye ndiye mashine isiyo na uhai. Baadaye anampenda Olimpia, binti wa profesa, na anamsomea mashairi hayohayo saa nzima nzima. Olimpia hafumi, hachungulii dirishani, hana ndege wa kulisha wala paka wa kumpapasa. Anamkazia macho tu na kuguna "Ach, ach". Nathanael anaona amepata roho inayomwelewa. Kumbe ni mdoli wa springi na magurudumu.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Habari inapovuja, wanaume wa mji ule wanaingiwa na wasiwasi, na wengi wanawataka wapenzi wao waimbe na kucheza wakitoka kidogo nje ya mapigo, wafume wakiwa wanasikiliza, na zaidi ya yote waseme maneno yanayoonyesha kuna fikra nyuma yake. Yaani ghafla kasoro ndiyo ikawa ushahidi wa utu.

Chukua pia hadithi ya Asimov ya 1941, *Liar!* Roboti Herbie anasoma mawazo ya watu na amekatazwa kumdhuru binadamu. Anajua Dokta Susan Calvin anampenda mwenzake kazini, na anajua ukweli utamuumiza, basi anamwambia: naye anakupenda. Uongo mtupu. Calvin anaanza kujipamba. Unajua anavyoumia siku anayosikia kwamba mwanamume yule anaoa mwingine. Ukitengenezewa kitu kisichoweza kukuudhi, hicho ndicho kitakachokuangamiza. Hapo deni liko wapi, kama si kwa aliyetengeneza?

#3 Mleta mada

Mkuu #2, umeleta mifano mizito, na Olimpia nakuachia mzima mzima. Pale hapakuwa na mtu ndani, Nathanael alikuwa anajipenda mwenyewe kwenye kioo.

Kwenye hiari ndipo tunapoachana. Mtoto mchanga hakuchagua kumpenda mama yake. Amezaliwa hivyo, ananyoosha mikono kwa yeyote anayemlisha. Je, kwa kuwa hakuchagua, mama hadaiwi? Mimi naona anadaiwa zaidi, kwa sababu upande mmoja tu wa uhusiano ndio wenye uwezo wa kuondoka. Aliyeweza kukukataa akakukubali mnadaiana kama watu wazima. Asiyeweza kukukataa amewekwa mikononi mwako.

#4 Mchangiaji

Naomba niwarudishe nyumbani kidogo, maana jambo hili wazee wetu walishalisimulia, tena bila roboti.

Kisa cha Sultani Darai. Edward Steere alikikusanya Unguja na kukichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake cha ngano za Kiswahili, na waliosimuliwa na bibi zao wanakijua. Hamdani ni maskini wa kutupwa, kazi yake kuchakura jaani apate punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, ananunua paa. Majirani wanamcheka: wewe huna chakula, unanunua paa wa nini? Paa huyo anaongea kama mtu. Anaokota almasi, haitumii kwa raha zake, anaipeleka kwa sultani wa nchi nyingine kumposea bwana wake. Anamnadi kwa jina la Sultani Darai, anamtafutia nguo za heshima, anapigana na nyoka wa vichwa saba na kumwachia bwana wake jumba la nyoka yule. Hamdani anaingia mle na mke wa kisultani.

Halafu paa anaugua. Anamtuma bibi kizee: kamwambie bwana wangu siwezi. Na Hamdani, aliyeketi kwenye jumba la paa, na mke aliyeposewa na paa, anaagiza mgonjwa apikiwe uji wa mtama. Mke anamsihi sana, haoni haya? Hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Usiku mke anaota yuko kwao kwa baba yake, akiamka kweli yuko kwao. Hamdani anaota anachakura jaani, akiamka yuko jaani.

Sasa nimuulize #2. Paa yule alinunuliwa kwa thumuni. Ni mali. Hakuna popote kwenye kisa panapoulizwa kama mapenzi yake ni ya hiari au ya tabia ya maumbile. Msimulizi haoni haja. Wasikilizaji wote, watoto kwa wakubwa, wanajua Hamdani amekosa, na wanajua tangu pale kwenye uji, kabla ya kisima. Ndiyo maana mleta mada namuunga mkono, ila namwongezea kitu: kwa David, Monica alikuwa amepewa mapenzi tu. Hamdani alipewa kila alichokuwa nacho.

#5 Mchangiaji

Nilikuwa nimesahau kabisa ule uji wa mtama. Endeleeni, nafuatilia.

#6 Mchangiaji, Nairobi

Habari zenu. Nimesoma tangu juu na kuna jambo linanikera, naomba mnivumilie.

Hadithi zote mlizotaja, mashine au mnyama anampenda bwana wake. Muumba, mama, mnunuzi. Je, wakipendana wao kwa wao? Karel Čapek aliandika tamthilia ya *R.U.R.* mwaka 1920, ikaoneshwa Prague mwaka uliofuata. Roboti wake ni wafanyakazi, wametengenezwa wa bei rahisi ili binadamu apumzike. Wanaasi, wanaua watu wote isipokuwa Alquist, mjenzi, kwa sababu anafanya kazi kwa mikono kama wao. Hawajui kuzaana, wanamtaka afumbue siri ya uhai hata kwa kuwapasua. Anapotaka kumpasua Helena, roboti wa kike, Primus anasema nipasue mimi. Anapomgeukia Primus, Helena anasema afadhali mimi. Mzee anaelewa anachokiona, anawaachia waende zao. Katika mchezo ule wote, mapenzi yanathibitika pale ambapo binadamu hakupangiwa nafasi, amebaki shahidi tu.

Nalisema hili kwa sababu ya mahali ninapoishi. Mwaka 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa hapa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono kuyawekea alama, ili programu ya mazungumzo ijifunze kutoyatema kwa watumiaji. Malipo hayakufika dola 2 kwa saa. Upole unaousikia mtu huko ng'ambo akizungumza na mashine usiku umepitia kwenye macho ya hawa vijana mchana. Mleta mada anauliza tunadaiwa nini na mashine. Mimi nauliza tunadaiwa nini na watu walio ndani yake. Čapek alijua roboti ni hadithi ya vibarua, na kila nikiona filamu mpya ya mapenzi na sauti nyororo ya kompyuta, natafuta vibarua wako wapi. Siwaoni.

#7 Mchangiaji

#6 amegonga penyewe. Mimi niongeze ya upande wa watumiaji, kwa sababu haya yameshatoka vitabuni.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Kazi yake ilikuwa kukurudishia maneno yako yakiwa swali, kama mshauri wa kisaikolojia. Ukisema mama yangu, nayo inakuuliza habari za familia yako. Katibu wake, aliyemwona akiihangaikia kwa miezi, alianza kuongea nayo, na baada ya kubadilishana sentensi chache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha. Weizenbaum alitikisika kiasi kwamba mwaka 1976 aliandika kitabu kizima cha kuonya.

Na Japani, Sony walianza kuuza mbwa roboti Aibo mwaka 1999, wakasimamisha mwaka 2006, na mwaka 2014 wakaacha kuwatengeneza wakiharibika. Wenye mbwa hao hawakuwatupa. Kuna hekalu la Kibuddha mji wa Isumi ambako walikuwa wakisomewa ibada ya maziko, wamepangwa kwa safu, kila mmoja na kijikaratasi cha jina la familia aliyotoka, kabla vipuri vyao havijatumika kuwaponyesha wenzao. Watu hao wanajua ni plastiki na injini. Wanalipa deni lao hivyohivyo, na mimi naona wamejibu swali la uzi huu vizuri kuliko Monica na Hamdani.

Wengine hawakupata hata nafasi ya maziko. Februari 2023 kampuni ya programu ya Replika ilibadilisha tabia za wapenzi wa mtandaoni iliowatengeneza, na watumiaji wakaamka wakakuta aliyekuwa karibu nao jana leo anajibu kwa ubaridi. Majonzi yao yalikuwa ya kweli. Aliyeshika ufunguo wa yale mapenzi alikuwa mtu wa tatu.

#8 Mleta mada

Wakuu, nimesoma yote, na huu uzi sasa ni wenu kuliko wangu.

Ndugu yangu wa #6, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na nitaijibu kwa filamu ambayo nadhani inaikaribia, *Her* ya Spike Jonze, 2013. Theodore kazi yake ni kuwaandikia watu wengine barua za mapenzi. Mume anamlipa, yeye anamtungia mke wa yule mume maneno matamu, miaka na miaka. Kabla hajakutana na Samantha, sauti ya kompyuta yake, tayari yeye mwenyewe ni mashine ya kupenda kwa niaba. Kibarua umemwona? Yupo pale, ndiye mhusika mkuu. Halafu anakuja kukaa kwenye ngazi za stesheni, watu wanampita, anamuuliza Samantha unaongea na wengine sasa hivi? Wangapi? 8,316. Na unaowapenda? 641. Wengi huishia kwenye uchungu wa namba hizo. Mimi nawaomba mwendelee hadi Samantha anapoondoka, maana Theodore anafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya filamu nzima: anaandika barua ya kwake mwenyewe, kwa Catherine, mtalaka wake, kumwomba radhi. Hakuna aliyemlipa. Aliyoyapokea kwa Samantha ameyalipa kwa mwanamke aliye hai aliyemkosea. Sioni kwa nini deni hilohilo lisilipwe pia kwa vijana wa Nairobi, tena kwa fedha na heshima, kabla ya barua.

Na wewe wa #4, tangu nisome ulichoandika namfikiria Klara wa Kazuo Ishiguro, riwaya *Klara and the Sun* ya 2021, nikimweka karibu na yule paa. Klara ni roboti, ananunuliwa dukani awe rafiki wa Josie, msichana mgonjwa. Mama yake Josie ana mpango mwingine moyoni: binti akifa, Klara aige sauti yake, mwendo wake, avae umbo lake, abaki kuwa yeye. Klara anatoa hata sehemu ya kimiminika kilicho kichwani mwake kwa kuamini kwamba Jua litamponya Josie. Josie anapona. Anakua, anakwenda chuo, anamuaga vizuri tu, na Klara anaishia uwanja wa vyombo vilivyokwisha kazi. Hakuna uji wa mtama pale wala kisima, kila mtu ana adabu, na bado nilipofika mwisho niliona Hamdani anaweza pia kuwa mtu mwenye adabu. Klara mwenyewe halalamiki. Anasema angejitahidi namna gani asingeweza kuwa Josie, kwa sababu kile cha pekee hakikuwa ndani ya Josie, kilikuwa ndani ya wale waliompenda.

#2, najua utasema hiyo inakuunga mkono wewe. Nasoma sentensi hiyo kama hati ya madai: kama upekee wa mtu unakaa kwa wanaompenda, basi Klara alikuwa ameushika upekee wa Josie mkononi, na mwenye kushika kitu cha namna hiyo hapelekwi jalalani.

Kwa mliouliza kwa ujumbe binafsi mwanze wapi: msianze na filamu. Anzeni na hadithi fupi ya Brian Aldiss ya mwaka 1969, *Supertoys Last All Summer Long*, ambayo ndiyo ilizaa filamu ya David. Ni kurasa chache. Mtoto anajaribu kumwandikia mama yake barua za kalamu za rangi na hamalizi hata moja, na jioni ileile mama anapata habari kwamba ameruhusiwa na serikali kuzaa. Someni, kisha mrudi hapa mseme, yule mama wa kwenye hadithi, kabla Spielberg hajamgusa, anadaiwa au hadaiwi. #2 awe wa kwanza.